Meli ya Malkia, Ghorofa ya Tatu

Sijawahi kuona bahari. Nimeona bwawa la Nairobi, ambalo miaka ile lilikuwa limezibwa na magugu hadi mgeni angeliita shamba, na watu wa Silanga walikuwa tayari wamelima pembeni mwake. Lakini meli naijua. Naijua moja tu, kuanzia chumba cha injini hadi vyumba vya kulala, kwa sababu nilimfulia nguo mtu aliyeipenda.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, Mluhya, mjane, aliyekaa peke yake kwenye ghorofa ya tatu huko Nyayo Highrise, upande unaotazama Kibera. Mimi nilitoka Kitui, nikapanga chumba Silanga, humo humo Kibera, na nilikuwa nikienda kwake kila Jumanne na Ijumaa. Nilimwita Mwalimu kama kila mtu. Yeye aliniita mama, ingawa angeweza kunizaa.

Binti yake alikuwa nesi Uskoti. Mwaka mmoja alimtumia baba yake tiketi ya ndege, na Mwalimu akakaa huko wiki tatu. Wiki zote tatu mvua ilinyesha. Siku moja binti alimpeleka kutazama meli ya kifahari ya malkia wa Uingereza, iliyokuwa imestaafishwa na kufungwa bandarini ili watu waingie na kuiangalia. Alipelekwa pia kwenye ngome ya wafalme wa zamani, lakini kuhusu ngome hakuwa na la kusema.

Alirudi na kijitabu chenye picha. Kila nilipofua, alileta kiti cha plastiki pale kibarazani, akavaa miwani, akaanza.

Ndivyo nilivyojua kwamba meli hiyo ilianza kupangwa wakati mfalme, babake malkia, akiwa mgonjwa, wakitumaini hewa ya bahari ingemsaidia. Mfalme akafa kabla haijaisha, na binti yake ndiye aliyeizindua. Ilikuwa na milingoti mitatu, na ncha za milingoti zilikunjwa ili meli ipite chini ya madaraja. Ubavuni haikuandikwa jina. Meli nyingine zinaandikwa, Mwalimu alieleza, lakini hii ilichukuliwa kwamba kila mtu anaijua. Sitaha moja ya juu iliwekewa ukingo wa mbao ili upepo usiinue sketi za wakubwa. Malkia alitaka sebuleni kuwe na moto wa kweli, wa kuni au makaa, akaambiwa kwamba kwa sheria za meli itabidi baharia asimame hapo muda wote na ndoo mkononi. Ukawekwa wa stima, wa kuwashwa kwa swichi.

Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Wafuaji walikuwa wangapi?"

Mwalimu akatafuta. "Hapa pameandikwa mabaharia walibadilisha sare mara kadhaa kwa siku. Lakini wafuaji hawakuhesabiwa."

"Sare nyeupe?"

"Nyeupe."

"Basi walikuwa wengi," nikasema, "au mmoja aliyekosewa sana na Mungu."

Aliandika swali langu kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Siku meli ilipostaafishwa, aliniambia, malkia alitokwa na machozi, na saa zote za humo zikasimamishwa kwenye dakika aliyoshuka. Nilimwambia ni vizuri. Nilikuwa nasugua kola.

Uchaguzi wa 2007 ulikuwa Alhamisi, siku mbili baada ya Krismasi. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa Kawangware kwa dada yangu, amekwenda kula sikukuu. Nilipanga kumchukua Jumapili. Jumapili jioni matokeo yakatangazwa, kwamba rais Mkikuyu amemshinda Mjaluo aliyependwa kwetu, na kabla mtangazaji hajamaliza sentensi, Kibera nzima ilikuwa imeanza kupiga mabati.

Jirani yangu Silanga alikuwa mama wa Kijaluo aliyeuza makaa. Kibanda chake kilipakana na duka la Mkikuyu. Duka likachomwa, na moto ukavuka. Makaa hayaulizi kabila. Yalishika vizuri sana kwa sababu yalikuwa makaa mazuri, na asubuhi ya Jumatatu vyumba vyetu viwili vilikuwa vimekwenda nayo. Jirani alisimama akitazama, pacha wake wa kike wa miaka sita wameshika leso aliyojifunga, kila mmoja upande wake.

"Sasa?" akaniuliza.

Sikuwa na mahali pengine ninapopajua palipo na mlango wa chuma. Tukapanda Highrise.

Keateka, mtunza jengo, alikuwa getini. "Wageni hapana," akasema. "Amri ya mwenye nyumba."

Mwalimu alituona kutoka kibarazani, akateremka polepole akiwa amevaa raba nyeupe za mpira, zile alizovaa ndani ya nyumba. Alitusikiliza. Kisha akamgeukia keateka na kumwambia kwamba wakati mmoja vita vilizuka Adeni, na meli ya malkia ilikuwa ikipita karibu, inakwenda kumpokea malkia mbali sana. Ikageuza. Ikachukua watu zaidi ya elfu moja kutoka ufuoni, wa mataifa mengi, wakalala kwenye zulia la sebule ya kifalme.

Keateka alisubiri aone kama kuna zaidi. "Mwalimu, hii ni nyumba ya mtu mmoja."

"Ile pia ilikuwa ya mtu mmoja."

"Na huyo malkia alikubali?"

"Alikubali."

"Mwenye nyumba hajakubali."

"Mpigie basi."

Keateka alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Hakuwa na kredo ya kupigia. Siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa na kredo, maduka yote yalikuwa yamefungwa. Tukapanda ngazi.

Sebuleni, kwenye kochi, tulimkuta fundi wa viatu aliyekuwa akikaa karibu na geti, Mkikuyu wa makamo. Alikuwa amefika saa moja kabla yetu. Jirani yangu alimtazama. Fundi alitazama zulia.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anafanya unachofanya wewe," Mwalimu akajibu, akaenda kuweka chai.

Siku ile ile alibandika karatasi kwenye mlango wa choo. Ilikuwa na kichwa: Amri za Siku. Viatu vyote mlangoni. Redio isisikike nje. Watu wasisimame kibarazani zaidi ya mmoja, na huyo mmoja awe mama wa kufua, kwa sababu majirani walinizoea. Na kelele hakuna. Kwenye meli ile, alitueleza, watu hawakupaza sauti kuamrishana. Kila kitu kilifanywa kwa ishara za mikono, mabaharia walivaa viatu laini, na kazi zote karibu na vyumba vya malkia zilimalizwa kabla ya saa mbili asubuhi. Baharia akikutana na mkubwa kwenye ujia, alisimama kimya akitazama mbele mpaka apite.

Nilidhani watu watacheka. Lakini chini yetu tulisikia risasi za polisi na mabomu ya machozi, na vijana wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila la fundi. Tukajifunza ishara. Mkono juu ilikuwa kunyamaza. Vidole viwili, chakula. Kiganja sikioni, kuna mtu ngazini. Pacha walizijua zote kufikia jioni. Fundi alipokwenda chooni, walisimama wima ukutani kumpisha, wakitazama mbele. Yeye, ambaye maisha yake yote alikuwa amekaa chini akitazama miguu ya watu, hakujua afanye nini. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo.

Jirani hakusema naye. Siku mbili nzima kama alitaka chumvi iliyokuwa mbele ya fundi, aliniomba mimi, nami nikamwomba fundi. Siku ya tatu tulikuwa tukifunua kijitabu kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufunua. Jirani akafika kwenye picha ya chumba cha malkia, kitanda cha mtu mmoja, na ukurasa wa pili chumba cha mumewe, kitanda cha mtu mmoja.

"Hawa walikosana?" akauliza.

"Kuna mlango katikati," Mwalimu akasema.

"Mlango si kitanda."

Fundi akakohoa. "Mtu akiwa na nafasi," akasema, "kwa nini asilale peke yake akanyoosha miguu?"

Jirani akanigeukia. "Mwambie huyo mtu ndoa si kunyoosha miguu."

"Niko hapa," fundi akasema.

"Mwambie najua yuko hapo."

Walibishana kupitia kwangu hadi viazi vikaiva. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie kumsikia fundi akitamka maneno zaidi ya matano.

Wiki iliyofuata redio, kwa sauti ya chini, ilitangaza uteuzi serikalini, na kati ya walioteuliwa alikuwemo mtu wa kwetu Ukambani. Jirani aliacha kukunja nguo za watoto.

"Hata nyinyi?"

"Mimi nimekuwa hapa nikimenya viazi."

"Najua," akasema. Akarudi kukunja nguo, akinipa mgongo.

Vijana walikuja kesho yake mchana. Nilikuwa nimetoka kuanika mashuka, kwa sababu watu sita wanachafua, na maji yalikuwa yamerudi asubuhi hiyo. Mwalimu alikuwa karibu na mlango. Nikamwona akiinua kiganja sikioni.

Nilimshika fundi mkono nikamvuta kibarazani. Mashuka mawili yalikuwa yamening'inia yamekunjwa maradufu, mazito ya maji, hadi chini. Nikamsukuma nyuma yake, kwenye kona, nikarudi kwenye beseni nikaendelea kusuuza soksi iliyokuwa imeshasuuzwa. Kutoka pale nilimwona Mwalimu akifungua mlango, kijitabu mkononi, miwani puani.

"Mzee, tumesikia uko na mtu hapa," kijana mmoja akasema. Walikuwa watano au sita. Mmoja alishika panga, alilishika tu, namna mtu anavyoshika mwavuli.

"Niko na watu," Mwalimu akasema. "Ni wageni wangu."

"Wa wapi?"

Kabla hajajibu, jirani yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akampita. Aliwasemesha kwa Kijaluo. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti niliijua, ilikuwa ile aliyowatolea wateja wanaopekua gunia kutafuta vipande vikubwa. Alizungumza muda mrefu. Aliwaonyesha pacha. Aliwaonyesha dirisha, upande wa Silanga, kulikokuwa na kibanda chake. Kisha akamwuliza mmoja wao jambo, na kijana akatazama chini.

"Pole, mathe," akasema kwa Kiswahili. "Hatukujua."

Wakashuka. Tulisikia wakigonga ghorofa ya pili. Nilipotazama mkono wangu, kibanio cha nguo nilichokuwa nimekishika kilikuwa kimevunjika, na kidole kinatoka damu. Nilibaki nimeinama juu ya beseni, na nadhani nilisali, ingawa nilichokuwa nikisema kwa kweli ni kuhesabu soksi.

Fundi alitoka nyuma ya mashuka akiwa amelowa mabega. Alisimama mbele ya jirani.

"Asante."

"Usinishukuru. Mliiba kura."

"Mimi ni fundi wa viatu."

Jirani akatazama viatu vilivyopangwa mlangoni. "Viatu vya watoto wangu vinaachia soli," akasema.

Alivishona mchana huo huo, kwa uzi wangu na kisu cha Mwalimu cha mkate. Walikuwa wakizungumza moja kwa moja sasa, hasa kuhusu gundi.

Siku tatu baadaye dada yangu, niliyekuwa nikimtafuta tangu matokeo yatangazwe, alipata laini. Alisema Kawangware nako nyumba zinachomwa, watu wanakatwa, wamejifungia ndani, mtoto yuko salama, na unga... Simu ikakatika. Nilijaribu mara nyingi. Kisha nikaanza kuvaa viatu.

"Nitakusindikiza," Mwalimu akasema.

Jirani akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye zile raba. "Wewe utamsaidia nini, mzee?"

"Nitakuwa mzee," akajibu. "Wengine bado wanaona haya kumpiga mzee. Wengine."

Aliweka kijitabu kwenye mfuko wa plastiki. Alisema ni cha binti yangu, asikae bure wakati shule hazijafunguliwa. Tulitoka kwa Barabara ya Mbagathi, tukashika Ngong Road. Hapakuwa na gari hata moja. Sikuwa nimewahi kujua jinsi barabara hiyo ilivyo pana. Mwalimu alitembea katikati kabisa, kwenye mstari mweupe, akisema ni vizuri tuonekane mapema ili mtu asishtuke. Karibu na Dagoretti Corner baiskeli ya kubeba mikate ilikuwa imelala barabarani na mikate imekanyagwa. Mwenyewe hakuwepo. Hatukuongea kuhusu hilo, wala hatukupunguza mwendo.

Kwenye Naivasha Road, kabla ya kufika Kawangware, walikuwa wameweka mawe na tairi linalowaka. Vijana wapatao kumi. Aliyekuwa mbele alishika fimbo ya gofu.

"Kitambulisho."

Tukatoa. Alisoma cha Mwalimu akamrudishia. Changu alikaa nacho. "Mkamba. Nyinyi mko upande gani?"

"Mimi naenda kumchukua mtoto wangu," nikasema.

"Nimeuliza upande."

"Upande ule," nikasema, nikaonyesha Kawangware.

Hakucheka. Akauonyesha mfuko kwa fimbo. "Hiyo ni nini?"

Mwalimu akatoa kijitabu. "Meli."

"Ya nani?"

"Malkia wa Uingereza. Ilistaafu."

Kijana alikifungua kwa mkono mmoja. Wawili wengine wakasogea. Walipita kurasa za vyumba bila kusimama. "Na hii gari?"

"Hapo ni gereji ndani ya meli. Nafasi ilikuwa ndogo. Gari la malkia halikuingia mpaka litolewe bampa."

Kijana akamtazama. "Bampa ya mbele ama ya nyuma?"

"Hawakusema. Nadhani zote."

"Kila safari wanatoa bampa?"

"Kila safari."

"Hiyo si mpango," akasema mwenzake. "Wangekata ukuta tu."

"Ukuta wa meli haukatwi ovyo," Mwalimu akasema.

"Mimi ni mekanika," kijana wa fimbo akasema, akionekana kuudhika. "Bampa ya gari ya zamani ni bolti. Lakini ukiitoa kila safari bolti zitaisha." Alisema hayo huku tairi likiwaka nyuma yake, na mbali kidogo mwanamke alikuwa akipiga mayowe bila kupumzika. Akamrudishia Mwalimu kijitabu, na mimi kitambulisho. "Pitia kushoto. Kulia kuna wengine, hao hawaongei."

Tukapitia kushoto.

Dada yangu alikuwa amesukuma kitanda mlangoni. Ilichukua muda kukisogeza. Binti yangu alisimama nyuma yake akiwa na kikombe cha uji.

"Mama, ulisema Jumapili," akaniambia.

Nililia. Nililia nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mtu ninayemfulia, na sikujali. Kisha nikaacha, kwa sababu dada yangu alikuwa amemimina chai na haikuwa nyingi ya kuachwa ipoe. Mwalimu alikunywa yake, akampa mtoto kijitabu, akamweleza milingoti. Halafu akasimama.

"Lala hapa," nikamwambia. "Kesho utaenda."

"Nina wageni nyumbani," akasema.

Nilimsindikiza mpaka kwenye kona. Akashika mstari mweupe akaenda, mgongo wake mwembamba ndani ya sweta ya kijivu, na mimi nikarudi kukaa kwa dada nikijua kwamba nikisikia ameuawa, ni mimi niliyemuua. Niliishi na wazo hilo hadi asubuhi. Simu ikaingiza ujumbe wa jirani yangu: Mzee alifika. Miguu imefura. Anatoa amri.

Mwisho wa Februari wakubwa wawili, rais na mpinzani wake, walipeana mikono. Tulitazama kwenye televisheni ya kinyozi, Kawangware, watu wamejazana hadi nje. Wengine walipiga makofi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akinyolewa aliuliza kama wamemaliza, ili kinyozi aendelee.

Fundi alikuwa ameshaondoka kwa lori hadi kwa kaka yake Kiambu. Jirani alisema siku ya kuondoka fundi alizibadilisha soli za viatu vyote vya nyumba ile, hata vya keateka, na kwamba waliagana bila kusema mengi. Jirani mwenyewe alirudi Silanga akajenga kibanda kwa mabati yaliyoungua. Mwenye nyumba alimwandikia Mwalimu barua ya onyo kwa kuzidisha wakazi, na Mwalimu akaijibu kwa kurasa nne, ambazo sikuzisoma lakini nadhani najua zilihusu nini.

Nilirudi kazini Machi, siku ya Jumanne. Nilimkuta amekonda. Alitembea akishika ukuta, kwa sababu miguu haikupona sawasawa tangu ile safari. Nguo zilikuwa nyingi kwenye beseni. Alileta kiti cha plastiki kibarazani kama kawaida, akakaa bila kijitabu, akakunja mikono. Nikasubiri aanze. Nilifua shati la kwanza, la pili.

"Mama," akasema mwishowe. "Huko Kitui maji mnachota wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza Kitui kulikoje. Nilimwambia tunachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, mama yangu ana punda wawili, na mmoja ni mkaidi, anakubali kutembea tu ukimtangulia bila kumwangalia.

"Punda mmoja anabeba mitungi mingapi?"

"Minne."

"Miwili kila upande?"

"Lazima. Ukiweka vibaya anaanguka."

Aliomba nimweleze jinsi inavyofungwa. Nilikausha mikono, nikachukua kamba ya nguo, nikamwonyesha kwenye mgongo wa kiti.